Kilio cha 'Pwani si Kenya' na suala la hatimiliki Kwale

Takriban miaka ya 2010 hadi 2013, maneno "Pwani si Kenya" yalionekana kwenye kuta katika sehemu mbalimbali za Pwani. Kundi la Mombasa Republican Council (MRC) lililoyaeneza lilidai kuwa eneo hilo liliunganishwa na Kenya bila ya ridhaa ya wenyeji.

Serikali ililipiga marufuku kundi hilo mwaka 2010. Mahakama Kuu mjini Mombasa iliiondoa marufuku hiyo Julai 2012, lakini Oktoba mwaka huo huo polisi walimkamata mwenyekiti wake, Omar Mwamnuadzi, huko Kombani, Kwale.

Madai hayo yalitokana na ukanda wa maili 10 kutoka Vanga hadi Kipini, ambao Diani na Msambweni zimo ndani yake. Ukanda huo ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Uingereza ilianza kuutawala kwa niaba yake kwa malipo ya kila mwaka, huku bendera ya Sultani ikiendelea kupepea Fort Jesus.

Uhuru ulipokaribia, wafuasi wa vuguvugu la Mwambao walitaka ukanda huo ujitawale au urejeshwe Zanzibar. Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza suala hilo mwaka 1961, alipendekeza uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Sultani Jamshid bin Abdullah aliridhia kuuachia.

Katika barua walizoandikiana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, Kenya iliahidi kulinda uhuru wa dini, Mahakama za Kadhi na hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoacha jeraha. Aliyekuwa na hati alilindwa, lakini asiyekuwa nayo hakutajwa.

Sheria ya mwaka 1908 ilikuwa imewataka wenye madai ya ardhi katika ukanda huo kuyathibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, wakiwemo Wadigo wa Kwale, walimiliki ardhi kwa mila za ukoo, wala hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Baada ya uhuru, ardhi hiyo ikawa ya Serikali, na wazaliwa wengi wakajikuta wakiitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao, ilhali viwanja vya ufukweni viligawiwa watu wengine.

Uchungu huo umewahi kugeuzwa silaha. Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawaandama watu wa bara katika Likoni na Kwale. Watu wengi waliuawa na maelfu wakakimbia makwao. Baadhi ya washambuliaji walikuwa wamekula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kutoa jibu jingine. Badala ya kubadili mpaka, iliunda kaunti na kuitambua ardhi ya jamii, ambayo ilitungiwa sheria yake mwaka 2016. Sheria ya madini ya mwaka huo ilitenga asilimia 70 ya mrabaha kwa Serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii yenye mgodi. Kwale ilikuwa kipimo muhimu cha ahadi hiyo, kwa kuwa Base Titanium ilichimba madini huko kuanzia mwaka 2013 hadi ilipofunga mgodi Desemba 2024.

Hata hivyo, kaunti haina uwezo wa kutoa hatimiliki. Mamlaka hayo yamebaki kwa Serikali ya kitaifa jijini Nairobi. Kwa mkulima wa Msambweni asiye na hati, swali la nani anatawala Pwani bado linaanzia kwenye shamba analolima.