Kilichoumiza ini la baba mdogo

Likizo iliyopita, wakati wenzangu wanahesabu siku za kufungua chuo, mimi nilikuwa kwenye kivuko cha kutoka Nansio kuja Mwanza, nimekaa na baba mdogo, macho yake ya njano kama binzari. Alikuwa na siku 26 tangu aanze dawa za TB. Mama mdogo alishatoa hukumu hata kabla hatujashuka: "Hizo dawa ndizo zinamuua. Mwambie azitupe ziwani."

Mimi nasoma famasia, mwaka wa tatu, na nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na jibu. Akiendelea na dawa inayoharibu ini, anaweza kufa. Akiziacha moja kwa moja, TB itamuua, na kabla ya hapo itawafikia wajukuu anaolala nao chumba kimoja. Swali la "ni dawa kweli?" nilikuwa nimelizoea kwenye karatasi ya mtihani tu.

Niondoe kwanza kosa moja la kila siku. Rifampicin hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hata machozi na jasho. Hilo siyo ini kuumwa, ni rangi ya dawa. Kuna watu wanaacha dozi kwa woga huo, bure kabisa. Angalia ile sehemu nyeupe ya macho. Ya baba mdogo ilikuwa njano.

Hospitali wakapima vimeng'enya. ALT hukaa ndani ya seli za ini, na seli zikiharibika inamwagika kwenye damu. ALP hupanda zaidi njia za nyongo zinapokuwa na shida. ALT yake ilikuwa 480, na kikomo cha kawaida cha maabara ile ni 40, yaani mara 12. ALP ilikuwa 180 na kikomo 120, mara moja na nusu. Gawanya 12 kwa 1.5, unapata 8. Ikiwa 5 au zaidi, zilizoumia ni seli zenyewe. Ikiwa 2 au chini, shida iko upande wa nyongo. Katikati ni mchanganyiko. Daktari mmoja wa Marekani, Hyman Zimmerman, aliona zamani kwamba dawa ikiumiza seli za ini kiasi cha kumtia mgonjwa manjano, takriban mmoja kati ya kumi hufariki. Ndiyo maana dozi ilisimamishwa siku ileile.

Lakini kusimamisha dawa siyo kuthibitisha kosa lake. Hakuna kipimo cha damu kinachotoa jibu "ni isoniazid". Kinachotumika ni kuhesabu pointi, na njia inayojulikana zaidi ni RUCAM, iliyochapishwa mwaka 1993 na Gaby Danan na Christian Benichou. Kwa majeraha ya seli za ini, inauliza hivi: ugonjwa ulianza lini baada ya dawa? Kati ya siku 5 na 90 ni pointi 2. Dawa ilipoachwa, ALT ilishukaje? Ikishuka kwa nusu ndani ya siku 8, pointi 3. Dawa inajulikana kuumiza ini? Isoniazid, rifampicin na pyrazinamide zote zinajulikana, pointi 2. Sababu nyingine zimeondolewa? Hapo ndipo kazi ilipo.

Walipima homa ya ini A, B na C, hakuna. Ultrasound haikuonyesha mawe ya nyongo. Pombe aliacha miaka mingi. Wauguzi wawili waliniambia "watu wa visiwani ni kichocho tu", na ni kweli kichocho cha tumbo kimejaa pwani yote ya ziwa. Ila kichocho huumiza ini kwa namna nyingine: mayai huacha makovu kuzunguka mishipa, bandama inavimba, tumbo linajaa maji, mtu anaweza hata kutapika damu. Si kawaida yake kurusha ALT mara 12 ndani ya wiki tatu. Mtu anaweza kuwa na kichocho na bado kichocho kisiwe ndicho kilichomlaza wodini.

Siku ya 8 ALT ilikuwa 190. Nikajumlisha: 2, 3, 2, na 1 ya sababu zilizoondolewa. Jumla 8, yaani "inaelekea kuwa dawa". Nilijisikia msomi.

Jioni ile nikamuuliza swali ambalo daktari alishauliza, ila kwa maneno mengine. Daktari alisema, "Unatumia dawa nyingine?" Akajibu hapana. Mimi nikasema, "Baba mdogo, ulikuwa unakunywa nini cha kukupa nguvu?"

"Ah, ile ya kwenye chupa? Ile siyo dawa mwanangu, ni mizizi tu."

Kikombe asubuhi na jioni, tangu wiki ileile alipoanza vidonge. Kwenye RUCAM nilipunguza pointi moja tu, ikawa 7, kundi lilelile. Lakini fikiria: chupa ilibaki Ukerewe siku tuliyopanda kivuko, na vidonge vikasimamishwa siku hiyohiyo. Zile pointi 3 za ALT kushuka, ambazo nilizipa vidonge vyote, chupa nayo ilikuwa na haki ya kuzidai. Namba haikunionyesha hilo.

Daktari hakunicheka. ALT iliposhuka chini ya mara mbili ya kikomo, akamrudishia dawa moja moja huku wakipima damu: rifampicin na ethambutol kwanza, siku kadhaa baadaye isoniazid. ALT ikatulia. Pyrazinamide, ambayo kwa ini ni kali, hakuirudisha kabisa, na matibabu yakarefushwa kutoka miezi 6 hadi 9. Kwenye fomu ya TMDA ya kuripoti madhara aliandika vyote, vidonge na mizizi, na pale pa jina la mizizi akaandika "haijulikani".

Kwa hiyo ni pyrazinamide au ni chupa. Mama mdogo bado anasema ni vidonge, lakini kila asubuhi ndiye anayemhesabia. Chupa ameimwaga, nayo ilikuwa ndiyo sampuli pekee tuliyokuwa nayo.