Kamati ya Zahanati Bila Fungu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuatilia wazo la kumshirikisha mwananchi katika huduma za afya tangu Azimio la Alma-Ata la 1978. Leo tuulize swali gumu zaidi: wanakijiji wanaojitolea kuketi kwenye kamati ya zahanati hubadilisha nini hasa? Kwa maoni yangu, hubadilisha yale tu ambayo kituo chenyewe kina mamlaka ya kuyaamua. Kamati isiyo na fungu la kupangia matumizi hugeuka kijiwe cha malalamiko, na mtu mwenye shamba la kupalilia hadumu nacho.

Tuanze na Uganda, ambako jambo hili limepimwa kwa makini. Watafiti Martina Björkman na Jakob Svensson walichukua vituo 50 katika wilaya tisa. Kwa nusu ya vituo hivyo, wananchi walisomewa taarifa ya utendaji wa kituo chao, wakakutana peke yao, watumishi nao wakakutana peke yao, kisha pande zote mbili zikaketi na kuandikiana makubaliano. Yaliyotekelezwa yalikuwa madogo madogo: sanduku la maoni, vikadi vya namba ili aliyewahi ahudumiwe kwanza, bango linalokumbusha kwamba huduma ni bure. Ripoti yao ya 2009 ilieleza kuwa baada ya mwaka mmoja wagonjwa wa nje waliongezeka kwa asilimia 20, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa theluthi moja. Wengi huzitaja namba hizo kana kwamba habari iliishia hapo. Haikuishia. Jaribio kubwa zaidi lililofuata nchini humo, katika vituo 376, lilikuta ubora wa matibabu umepanda kidogo na wagonjwa wameridhika zaidi, lakini vifo vya watoto havikupungua. Nionavyo mimi, matokeo haya mawili hayapingani. Wananchi wanaweza kumfanya mtumishi awahi kazini na atumie lugha ya staha. Hawawezi kuifanya dawa ambayo haikuletwa ipatikane kabatini.

Ndiyo maana mabadiliko yaliyoanza Tanzania katika mwaka wa fedha wa 2017/18 yana uzito kuliko semina nyingi za uhamasishaji. Zamani fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilibaki halmashauri, na zahanati ikasubiri kugawiwa. Sasa huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati yenye wawakilishi wa wananchi hupitia mpango na matumizi pamoja na mganga mfawidhi. Mjumbe anayeshuhudia maboksi ya dawa yakifunguliwa, akilinganisha kilichoandikwa na kilichomo kabla ya kutia saini, ana kazi ya kweli.

Wapo wanaouliza mkulima anajua nini kuhusu utabibu. Lakini hakuna aliyemwomba aandike dawa. Anajua zahanati hufunguliwa saa ngapi, na mara ngapi wajawazito wameambiwa waje na glavu zao. Maarifa hayo hayamo katika takwimu za wilaya. Hoja nzito zaidi ni kwamba kujitolea huwa mlango wa serikali kukwepa gharama. Hapo nakubali nusu. Anayezunguka nyumba kwa nyumba kupima na kufuatilia wagonjwa anafanya ajira, naye alipwe, kama Kenya ilivyoanza kuwapa posho wahamasishaji wake wa afya ya jamii mwaka 2023. Mjumbe anayeketi kikao mara chache kwa mwaka ni suala jingine. Huyo arudishiwe nauli tu, maana akilipwa mshahara na kituo atashindwa kukikagua.

Linabaki tatizo la wajumbe wanaopachikwa na mganga au diwani. Kanuni mpya hazitalimaliza ikiwa wenye kijiji wamenyamaza. Kwa sheria ya Tanzania, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Msomaji, ukihudhuria mkutano ujao, omba taarifa ya mapato na matumizi ya zahanati isomwe mbele ya wote, kifungu kwa kifungu, na uulize wajumbe wa kamati walichaguliwa lini na nani.