Marehemu Nao Walipiga Kura!

Unadhani marehemu kupiga kura ni vituko vya huku kwetu tu? Sikia hii.

Mwaka 1962 Jimmy Carter, ofisa wa zamani wa nyambizi aliyeacha jeshi mwaka 1953 akarudi kwao Plains kulima karanga, aligombea Seneti ya jimbo la Georgia, Marekani. Mjini Georgetown akakumbana na kimbembe. Kigogo wa huko, Joe Hurst, alikuwa kituoni akichungulia kura za watu. Orodha ya wapiga kura ilikuwa na marehemu, tena majina yamefuatana kialfabeti kama mahudhurio ya darasani! Kura nazo zikazidi waliopiga. Carter akatangaziwa kashindwa.

Jamaa hakununa. Alikusanya viapo vya mashahidi, mwandishi wa Atlanta Journal akaanika uozo, kura zikahesabiwa upya mbele ya jaji. Sanduku la Georgetown likatupwa nje. Januari 1963 Carter akaapishwa. 1977 akawa rais. Baadaye kituo chake kilituma waangalizi wa uchaguzi nchi kibao, hata Kenya mwaka 2002. Alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Mshikaji, ukiibiwa kura usiishie kulalama kijiweni. Tafuta ushahidi!