Mshahara wa rubani wa ndege za kukodi: hesabu ya Bunia

Rubani wa ndege ya kampuni hulipwa kwa kuruka, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kukaa chini. Hungoja mkurugenzi amalize kikao, hungoja ukungu upande, hungoja kibali cha kuvuka mpaka, na mara mojamoja hulazimika kusema kwamba leo safari haipo. Mshahara uliopangwa kwa kuangalia saa za angani peke yake huwa umelipia nusu ya kazi, na mara nyingi ni ile nusu iliyo rahisi.

Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa huko ndege si anasa. Barabara ya taifa namba 4 inayokwenda Komanda na Beni, na namba 27 inayopanda kuelekea Mahagi, zimeshambuliwa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi, na mwenye nauli huona afadhali apande ndeke, kama wenyeji wanavyoiita. Kwenye uwanja ule mmoja hukutana ndege za abiria za mashirika ya Congo, ndege na helikopta za Umoja wa Mataifa, ndege ndogo za wamisheni, na zile zinazokodiwa na mashirika ya misaada au kampuni za madini. Jeti ya mkurugenzi, ile yenye viti vya ngozi, si mgeni wa kila siku. Kazi yake hufanywa zaidi na Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya turbini isiyoogopa njia ya kurukia ya vumbi, au na LET 410 ya Czechia yenye injini mbili.

Nembo iliyochorwa ubavuni mwa ndege haisemi nani anamlipa rubani. Huduma ya anga ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, UNHAS, inayoendeshwa na Shirika la Chakula Duniani, hukodi ndege pamoja na marubani wake kutoka kwa kampuni za kibiashara. Kwa hiyo rubani wa ndege ile nyeupe kwa kawaida hapati mshahara wa Umoja wa Mataifa, bali ule aliokubaliana na mkandarasi wake. Rubani wa MAF, shirika la wamisheni ambalo kituo chake cha mashariki kilikuwa Nyankunde kabla ya mauaji ya Septemba 2002 na baadaye kikahamia Bunia, kwa desturi hutegemezwa na makanisa na marafiki wa kwao, na kima chake hakifuati soko. Migodi nayo hutegemea sana ndege za kukodi. Hata Kibali, mgodi mkubwa wa dhahabu wa Haut-Uélé ulioanza kuzalisha mwaka 2013 na wenye uwanja wake Doko, hauhitaji kumiliki kila ndege inayotua hapo. Basi marubani wanne wenye leseni ya daraja moja wanaweza kupanga foleni kwenye lori moja la mafuta huku mapato yao yakipishana mara tatu. Anayesema mmoja wao anapunjwa aanze kwa kuuliza mwajiri ni nani.

Njia ya kufika kwenye kiti kile ni ndefu na ya gharama. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani wa biashara hutaka saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyefuata kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ya rubani mkuu wa ndege za abiria, hutaka saa 1500. Shule za karibu na Ituri zipo ng'ambo ya mpaka: chuo cha Soroti nchini Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na zile za uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Ada hufika makumi ya maelfu ya dola. Anayehitimu na saa zake 200 hugundua kwamba leseni si kazi, kwa sababu kampuni ya bima haitaki kusikia jina lake mpaka awe na saa nyingi zaidi.

Hapo ndipo kiti cha kulia cha Caravan kinapopata thamani. Ndege hiyo imeruhusiwa kuendeshwa na rubani mmoja, lakini wateja wakubwa, yaani mashirika ya misaada na migodi, mara nyingi husisitiza wawe wawili. Kijana hukaa kulia akikusanya saa, na kwa kuwa anazihitaji kuliko fedha, hukubali malipo ambayo fundi wa pikipiki angeyakataa. Wapo waendeshaji duniani wanaokwenda mbali zaidi na kumtoza yeye fedha ili akalie kiti hicho. Wao huyaita hayo mafunzo. Jina lake halisi ni kuuza kiti mara mbili, kwanza kwa mteja na pili kwa rubani.

Saa zenyewe hazilingani uzito. Elfu mbili za Caravan humfanya mtu awe bingwa wa milima, mvua na njia fupi, ila ni saa za injini moja, na mashirika mengi ya abiria hutaka saa za injini mbili au zaidi. Kwa sababu hiyo rubani anaweza kukubali mshahara mdogo kwenye LET 410 na asiwe amekosea hesabu: tofauti anayoikosa mkononi anaiweka kwenye daftari lake la safari. Kwa Mcongo kuna kikwazo kingine. Tangu mwaka 2006 mashirika ya ndege yaliyosajiliwa nchini mwake yamo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya yasiyoruhusiwa kuruka kwenda huko. Orodha hiyo huhukumu usimamizi wa usalama, haimhukumu rubani mmoja mmoja, lakini mwajiri wa mbali anayesoma barua ya maombi hatofautishi sana.

Kwa nini kukataa kuruka kuwe na bei? Jibu lipo kwenye hewa ya Bunia. Uwanja upo karibu mita 1230 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha anga, hewa ya kimo hicho ingekuwa na nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Mchana joto likifika nyuzi 30, hewa hutanuka na kuwa nyepesi, na ndege hujikuta inafanya kazi kana kwamba ipo mita 2000 hivi. Bawa hupata hewa kidogo ya kukamata, injini hupungukiwa nguvu, na njia ile ile iliyotosha asubuhi huwa fupi alasiri. Ndiyo maana kwenye ndege ndogo mzani haupimi masanduku tu. Abiria naye hupanda juu yake, mkoba ukiwa begani, na kilo zake zikaandikwa mbele za watu. Kidumu cha lita 20 cha mawese ni kilo 18 hivi. Kikiongezwa baada ya mzani kufungwa, karatasi ya uzito inakuwa ya uongo. Wa kukizuia kidumu hicho ni rubani, hata kama mwenye nacho ndiye aliyelipia ndege.

Sasa chukua mikataba miwili, ya mfano tu. Wa kwanza unalipa dola 3000 kwa mwezi, ndege iruke isiruke. Wa pili unalipa dola 1000 za msingi na dola 40 kwa kila saa ya angani. Kwenye mwezi wa saa 70 wa pili unaleta dola 3800, na aliyeusaini hucheka. Mvua zikizidi au mteja akisafiri kidogo, saa zikashuka hadi 30, anapata 2200. Mizani hukaa sawa kwenye saa 50. Mtu anayejua msimu wa eneo lake anaweza kuona kwamba kwa mwaka mzima mikataba hiyo inakaribiana, na kweli inakaribiana kwenye karatasi. Tofauti huonekana asubuhi moja yenye wingu zito juu ya milima, safari ya saa tatu ikiwa mbele ya rubani. Mwenye mkataba wa kwanza akisema hapana, hapotezi kitu. Mwenye mkataba wa pili anapoteza dola 120, na huenda karo ya mtoto haijalipwa. Kampuni haijamwambia aruke kwenye wingu. Imemwekea tu bei ya kutoruka, na bei hiyo anailipa yeye.

Kwa hiyo malipo ya haki kwenye kazi hii yana kipimo kinachoshikika: rubani akighairi safari kwa sababu ya usalama, bahasha yake ya mwisho wa mwezi isipungue. Wapo wanaotaka kubaki na malipo ya saa kwa sababu yanamchangamsha mfanyakazi. Dawa yao ni kuweka idadi ya saa za uhakika, tuseme 50, zinazolipwa hata zisiporukwa, na ziada ihesabiwe juu ya hapo. Posho ya siku za kungoja nayo iandikwe kwa siku. Ahadi ya mdomo hufa siku meneja aliyeitoa anapohama.

Kwenye ndege ya tajiri mmoja shinikizo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mteja, mwajiri na abiria ni mtu yule yule, naye amekaa mita tatu nyuma ya mlango. Congo ina kumbukumbu ya jeti iliyombeba mtu mkubwa. Tarehe 12 Februari 2012 Gulfstream IV iliyombeba Augustin Katumba Mwanke, mshauri mwenye nguvu wa Rais Joseph Kabila, ilipitiliza mwisho wa njia kwenye uwanja wa Kavumu, Bukavu. Katumba na marubani wake wawili walikufa, pamoja na watu waliokuwa chini. Matata Ponyo Mapon, wakati huo waziri wa fedha, alinusurika, na miezi miwili baadaye akawa waziri mkuu. Kavumu ni uwanja wa milimani kama Bunia, wenye njia isiyoipa jeti nzito akiba kubwa ya mita.

Linalovuta watu kwenye jeti za makampuni linaeleweka: ndege mpya, hoteli nzuri, na saa mia tatu au mia nne kwa mwaka, wakati rubani wa shirika la abiria anaweza kukaribia kikomo cha kisheria ambacho nchi nyingi hukiweka kwenye 900 au 1000. Kinachopotea ni ngazi. Kwenye shirika kubwa rubani hupanda cheo kwa tarehe ya kuajiriwa, na ana chama. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways, kupitia chama chao KALPA, waligoma siku chache wakidai, pamoja na mengine, michango ya mfuko wao wa akiba. Rubani wa shirika la Delta la Marekani alipata mkataba wa Machi 2023 ulioahidi nyongeza ya asilimia 34 kufikia 2026, na kampuni zenye jeti binafsi nchini humo zikalazimika kufungua mifuko ili zisikimbiwe na marubani wao. Marubani wawili wa ndege moja ya mgodi hawana chama. Bei ya dhahabu ikishuka, ndege huuzwa, na wao huenda nayo.

Kuna pia deni la mafunzo, ambalo wengi hulisoma wakiwa wamekwisha kulisaini. Kila jeti hutaka rubani awe na kibali cha aina hiyo ya ndege, nacho hupatikana kwenye mashine ya kuigiza safari, mara nyingi ng'ambo, kwa maelfu mengi ya dola. Mwajiri hulipa, kisha humfunga rubani kwa muda. Kifungo cha miezi 24 kwa gharama ya dola 24,000 si dhuluma ikiwa deni hupungua dola 1000 kila mwezi. Anayeondoka baada ya miezi 18 hudaiwa 6000. Dhuluma ipo kwenye kifungu kinachodai zote mpaka siku ya mwisho, au kinachomdai rubani hata pale kampuni yenyewe inapomwachisha kazi.

Zamu za wiki sita kazini na tatu nyumbani, kwa marubani wanaoletwa kutoka nje, zina hesabu yake. Wiki hizo tatu zilipwe au zisilipwe? Tikiti ya kwenda kwao ni ya nani? Mshahara wa dola 4500 unaolipwa miezi minane tu ya mwaka ni sawa na dola 3000 za miezi kumi na miwili.

Mwisho kuna mwili. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, na kwa aliyepita miaka 40 anayebeba abiria akiwa rubani peke yake, miezi sita. Shinikizo la damu au sukari linaweza kumshusha mtu kwenye ndege kwa siku moja, akiwa mzima wa kufanya kazi nyingine yoyote. Bima ya kupoteza leseni hulipa pengo hilo. Mashirika makubwa huiweka kwenye mkataba, na rubani wa kukodi asipoidai hujikatia mwenyewe au hukaa bila. Umri nao una ukuta wake: kwa kanuni za ICAO, safari za kibiashara zenye marubani wawili huisha mtu akitimiza miaka 65, na za rubani mmoja akitimiza 60. Aliyezeeka peke yake kwenye Caravan hushuka miaka mitano kabla ya wenzake.