Haki ya wazee na haki ya mahakama: Mpaka uko wapi Kisii na Nyamira?

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira, aliyejeruhi na aliyejeruhiwa mara nyingi hutenganishwa na mstari mmoja tu wa miti ya mpaka. Huteka maji katika kijito kimoja, huuza majani chai katika kituo kimoja, na aghalabu babu yao ni mmoja.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mahali palipobanana hivyo, ugomvi wa ardhi huweza kuishia kwenye panga, na atakayetoka jela hana kwingine pa kurudi isipokuwa kwa jirani yule yule.

Ndiyo maana swali la jinsi ya kutatua makosa ya jinai bila kutegemea jela pekee lina uzito mkubwa huko. Wataalamu wa sheria huiita njia hiyo haki rejeshi, yaani haki inayolenga kurejesha kilichoharibiwa.

Katika mashtaka ya kawaida, kesi huwa ni baina ya Jamhuri na mshtakiwa. Aliyeumizwa huitwa kama shahidi, na faini ikitozwa huenda serikalini. Haki rejeshi huanza na maswali tofauti: Ni nani aliyeumia? Anahitaji nini? Ni nani anayepaswa kurekebisha madhara hayo?

Mfano unaotajwa sana ulitokea Elmira, katika mkoa wa Ontario nchini Canada, mnamo 1974. Vijana wawili walioharibu mali katika sehemu 22 walipelekwa kukutana na waathiriwa ana kwa ana, kisha wakawalipa. Kwa Abagusii, hata hivyo, wazo hilo halikuwa geni.

Kabla ya ukoloni, makosa yalisikizwa na wazee, abagaka, na fidia ya mifugo ilikuwa sehemu ya haki. Waingereza walipoanzisha kituo cha utawala Kisii mnamo 1907, jinai ikawa mali ya serikali, pamoja na jela na kitanzi chake. Hata hivyo, wazee hawakutoweka. Baraza la majirani lijulikanalo kama etureti liliendelea kusikiza mizozo ya kijiji, na machifu waliwategemea wazee wake.

SHERIA INASEMAJE?

Kwa muda mrefu sheria iliwaachia wazee nafasi finyu. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaruhusu mila za Kiafrika kuongoza kesi za madai, wala si za jinai. Lakini kifungu cha 176 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamruhusu hakimu kuhimiza maridhiano katika shambulio la kawaida, au kosa jingine la kibinafsi lisilo kubwa.

Katiba ya 2010 ilipanua mlango huo. Ibara ya 159 inazitaka mahakama kuendeleza njia mbadala za kutatua mizozo, zikiwemo maridhiano, upatanishi na njia za kijadi. Ibara hiyo hiyo inaweka sharti: njia za kijadi zisikiuke haki za kimsingi, zisiende kinyume cha haki na maadili, wala zisipingane na Katiba.

Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 nayo inatambua haki ya mwathiriwa kushiriki katika haki rejeshi. Mnamo Agosti 2020, Idara ya Mahakama ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki, iliyotayarishwa na jopo lililoongozwa na Jaji Joel Ngugi. Jaji Mkuu wakati huo alikuwa David Maraga, mzaliwa wa Nyamira.

Kwa watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka minane hadi 12, na kuweka utaratibu wa kuwaondoa katika mkondo wa mashtaka. Aidha, tangu sheria ya 1998 kuhusu huduma kwa jamii, mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kuagizwa kufanya kazi ya umma, kama kukarabati barabara, badala ya kufungwa.

PANGA KWENYE MPAKA

Chukulia kuwa ndugu wawili wanagombania mpaka, na mmoja anamkata mwenzake mkononi. Majeruhi anapiga ripoti polisi na kupewa fomu ya P3, ambayo daktari anaijaza kuonyesha ukubwa wa jeraha. Fomu hiyo ndiyo huamua mengi.

Jeraha likiwa la kawaida, shtaka huwa chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake haizidi miaka mitano. Hapo maridhiano yanawezekana. Likiwa jeraha baya, shtaka huwa chini ya kifungu cha 234, kosa kubwa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, na kifungu cha 176 hakiligusi.

Familia zikikubaliana, wazee husikiza pande zote, mkosaji hukiri kosa, na fidia hupangwa: gharama za hospitali, siku za kazi zilizopotea, pengine na ng'ombe. Maafikiano huandikwa na kupelekwa mahakamani, maana kesi iliyokwisha kusajiliwa haimalizwi chini ya mti. Hakimu hutaka kusikia kutoka kwa mlalamishi mwenyewe kwamba hakushurutishwa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mlalamishi akiondoa lalama chini ya kifungu cha 204, mshtakiwa huachiliwa huru kabisa na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Ikiwa fidia ilikuwa ahadi tu, mwathiriwa hubaki na jeraha lake. Lakini upande wa mashtaka ukiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) kabla ya mshtakiwa kuanza kujitetea, mlango wa kumshtaki upya haufungwi.

Hata fidia ikilipwa, chanzo cha ugomvi hubaki. Ibara ya 60 ya Katiba inahimiza jamii kutatua mizozo ya ardhi kwa njia zao, lakini mpaka wa shamba lililosajiliwa huamuliwa na Msajili wa Ardhi chini ya sheria ya 2012. Wazee wakipatanisha ndugu bila kumwita msajili, panga linaweza kurudi msimu ujao wa kupanda.

WAZEE WASIPOGUSA

Kuhusu mauaji, mahakama hazijazungumza kwa sauti moja. Mnamo Mei 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji yaliyotokea Eastleigh mwaka wa 2011 kuondolewa, baada ya familia mbili za Kisomali kupatana na fidia kulipwa kwa ngamia na mbuzi. Mahakama nyingine baadaye zilikataa maombi kama hayo, zikisisitiza kwamba uhai wa binadamu si suala la familia mbili pekee.

Unajisi na ubakaji havina utata huo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamnyang'anya mzazi na mzee wa kijiji uwezo wa kusitisha kesi. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Baba anayepokea mbuzi ili bintiye anyamaze hajapatanisha mtu. Ameuza haki isiyokuwa yake. Ukeketaji nao, uliopigwa marufuku kwa sheria ya 2011, hauwezi kutakaswa na baraza.

Haki ya jamii isichanganywe pia na hasira ya umati. Mnamo Mei 2008, watu 11 waliodaiwa kuwa wachawi waliteketezwa Kisii. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma kama hizo eneo la Marani. Katika haki rejeshi mtuhumiwa husikizwa, hukiri kwa hiari, na hubaki hai. Umati haukutoa hata moja kati ya hayo.

Kasoro nyingine hutokea kimya kimya. Mabaraza mengi yametawaliwa na wanaume, na mjane anayegombania shamba huenda akajikuta mbele ya wazee wa ukoo wa marehemu mumewe, ambao baadhi yao wananufaika akishindwa. Ukubali wake mbele yao si lazima uwe ridhaa.

Kwa hiyo, kipimo cha maridhiano si ukubwa wa fidia wala heshima ya mzee aliyeyasimamia. Kipimo ni kama aliyeumizwa angeweza kusema hapana, akaondoka barazani salama na kesi yake ikaendelea. Pale anapoweza, wazee wa Kisii na Nyamira huipunguzia mahakama mzigo na kuwarudisha majirani katika kijito kimoja. Pale asipoweza, mahali pake ni kituo cha polisi na mahakama, hata kama safari ni ndefu.

Wahenga walinena kuwa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hata hivyo, kabla ya kapu kuchukuliwa, mwathiriwa anastahili kulipwa, maafikiano yanastahili kuandikwa, na mpaka unastahili kupimwa.