Roboti, Kwinini na Hoja ya "Lugha Isiyokomaa": Kicheki na Kikechua Mbele ya Mhakiki

Kicheki na Kikechua vinatuhusu nini sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili? Swali ni la haki, nami nitaanza kulijibu kwa maneno mawili ambayo yamo midomoni mwetu. Neno "roboti" lilianzia katika tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920. Čapek mwenyewe alieleza kwamba neno hilo alipewa na kaka yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Mzizi wake ni robota, yaani kazi ya shuruti ambayo mkulima alilazimika kumfanyia bwana mwenye ardhi. Nalo neno "kwinini", ile dawa chungu ya malaria, linarudi nyuma kupitia Kihispania hadi kwenye neno la Kikechua kina, gome la mti. Kwa hiyo hatuanzi na wageni kabisa.

Lakini si maneno ya mkopo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Kwenye semina zetu kuna hoja ambayo haifi: eti zipo lugha ambazo sarufi yake "imekomaa" kwa riwaya, uhakiki na tasnifu, na zipo nyingine zinazofaa ngano za jioni tu. Hoja hii hutupiwa Kiswahili mara kwa mara, na sisi huijibu kwa hasira badala ya ushahidi. Ndiyo maana nimeziweka lugha hizi mbili kwenye mizani. Kicheki kina wasemaji wapatao milioni 10. Kikechua, kwa maana ya lahaja zake zote za milima ya Andes, hasa Peru, Bolivia na Ekuador, hukadiriwa kuwa na wasemaji kati ya milioni 8 na 10. Idadi zinakaribiana. Hata hivyo Kicheki ni lugha ya dola na vyuo vikuu, na mshairi wake Jaroslav Seifert alipata tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kikechua kwa muda mrefu kimehesabiwa kuwa lugha ya mtumishi wa jikoni. Kama idadi ya wasemaji haielezi tofauti hii, je, sarufi inaeleza?

Tuanze na Kicheki. Nomino yake hubadilika mwishoni kufuatana na kazi inayofanya katika sentensi, na kazi hizo ni saba. Mwanamke ni žena akiwa mtenda, ženu akiwa mtendwa, ženě anapopewa kitu, ženo anapoitwa, na ukienda pamoja naye anakuwa ženou. Sasa chukua hiyo -ou uulize: ni kipande kipi kinachobeba umoja, na kipi kinachobeba "pamoja na"? Huwezi kujibu. Vimeyeyuka pamoja kama sukari ndani ya chai. Wanawake wakiwa wengi, huongezi kitu juu ya -ou. Unaitupa na kuleta -ami, ukapata ženami.

Kwa upande wa Kikechua (mifano yangu ni ya lahaja ya Ayacucho) mwanafunzi wa Kiswahili atajiona yuko nyumbani. Wasi ni nyumba. Wasiy ni nyumba yangu. Wasiykuna ni nyumba zangu, na wasiykunapi ni katika nyumba zangu. Kila kiambishi kina kazi yake na unaweza kuvikata kwa kisu, kama sisi tunavyokata ha-tu-ta-wa-pig-i-a darasani. Tofauti ni kwamba Kikechua hupanga kila kitu nyuma ya mzizi. Viambishi awali hakina. Mkazo nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili, ilhali Kicheki huuweka kwenye silabi ya kwanza.

Hapa mtu angeweza kukimbilia kusema kwamba Kiswahili na Kikechua viko kambi moja na Kicheki kiko nyingine. Mcheki mmoja angempinga. Vladimír Skalička (1909–1991), mwanaisimu wa Praha aliyezipanga lugha katika aina tano, na ambaye mwaka 1945 alichapisha makala kuhusu aina ya lugha za Kibantu, alisisitiza kwamba hakuna lugha iliyo ya aina moja tupu. Nami naona yuko sahihi. Hebu tazama m- ya "mtu" na wa- ya "watu". Ngeli iko wapi na umoja uko wapi? Vimeyeyuka. Kumbe Ucheki tunao wenyewe.

Kwa mhakiki, hata hivyo, uzito hauko kwenye kukata viambishi. Uko kwenye kile ambacho lugha humlazimisha mwandishi kukisema, apende asipende. Mwanamume Mcheki akisema "niliandika" husema psal jsem. Mwanamke husema psala jsem. Maana yake ni kwamba shairi lenye nafsi ya kwanza katika wakati uliopita haliwezi kumficha msemaji wake. Mshairi akitaka kumficha, itabidi akimbilie wakati uliopo, píšu, "naandika", ambapo jinsia haionekani. Sisi tunaweza kusoma beti kumi za mapenzi zenye "nilimpenda" na "alinikimbia" bila kujua nani mume nani mke, na wahakiki wetu hubishana kuhusu nafsineni mpaka kengele inalia. Atakayelitafsiri shairi hilo kwa Kicheki atalazimika kuumaliza ubishi huo kabla ya mstari wa pili. Kikechua kiko upande wetu: pay ni yeye, mke au mume.

Lakini Kikechua nacho kina deni lake, na hapa ndipo palinivutia kuliko pote. Tazama sentensi tatu. Wasipim kachkan: yuko nyumbani, nami nathibitisha mwenyewe. Wasipis kachkan: yuko nyumbani, ndivyo nilivyoambiwa. Wasipichá kachkan: yuko nyumbani, nadhani. Kile kiambishi kidogo, -m, -s au -chá, kinaeleza msemaji amepata wapi habari yake. Kiswahili kina "eti", lakini "eti" ni hiari, na mara nyingi hubeba dharau au shaka. Mtu akisema "eti ameoa" tayari amekunja pua. Ile -s ya Kikechua haikunji pua. Inasema tu kwamba habari imepitia kwa mwingine, basi.

Fikiria hilo lina maana gani kwa nadharia ya usimulizi. Sisi tunatangaza mkataba wa hadithi mara moja, kwa "Paukwa! Pakawa!", halafu tunaendelea kana kwamba tulikuwepo. Msimulizi wa Kikechua huurudia mkataba huo sentensi baada ya sentensi. Katika hati ya Huarochirí, iliyoandikwa Peru yapata mwaka 1608 kwa Kikechua na kukusanya visasili vya miungu ya milimani, masimulizi ya kale yamejaa alama hiyo ya "inasimuliwa". Tena hati yenyewe inahusishwa na padri Francisco de Ávila, aliyekuwa akiipiga vita miungu hiyohiyo. Msomaji anayeitegemea tafsiri ya Kihispania au Kiingereza iliyoziacha alama hizo anapoteza sauti ya shahidi anayesema wazi kwamba yeye hakuona. Sijui mbinu ya riwaya ya kisasa iliyo na wepesi kuliko huo.

Kwa hiyo sarufi haiwezi kulaumiwa. Tugeukie historia, maana huko ndiko mizani ilikoelemea.

Kicheki nacho kiliwahi kuwa lugha ya jikoni. Baada ya vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, Kijerumani polepole kilishika utawala, miji na elimu. Josef Dobrovský aliandika sarufi yake kubwa ya Kicheki, ya mwaka 1809, kwa Kijerumani. Ndipo Josef Jungmann akachapa tafsiri ya Paradise Lost ya Milton mwaka 1811, akionyesha kwamba lugha ya wakulima inaweza kuubeba utenzi mzito, kisha akatoa kamusi ya Kicheki na Kijerumani kati ya 1835 na 1839, majuzuu matano. Nani asiyemkumbuka Mwalimu Nyerere hapa, na tafsiri yake ya Julius Caesar ya mwaka 1963? Hamu ilikuwa kubwa kiasi kwamba hati za "mashairi ya kale" zilizoibuliwa mwaka 1817 na 1818, na ambazo Václav Hanka anahusishwa nazo, zilishangiliwa kama urithi wa taifa. Zilikuwa za kughushi. Mwaka 1886 Jan Gebauer na Tomáš Masaryk walizipinga hadharani, wakaitwa wasaliti. Masaryk alikuja kuwa rais wa kwanza wa Chekoslovakia mwaka 1918. Kwa maoni yangu, siku taifa lilipokubali uhakiki uichane fahari yake, fasihi yake ilikuwa imesimama.

Kikechua kilianza mapema zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sarufi yake ya kwanza, ya Domingo de Santo Tomás, ilichapwa Hispania mwaka 1560, na mwaka 1584 katekisimu ya Kihispania, Kikechua na Kiaymara ilichapwa Lima. Kilikuwa na tamthilia zake pia, maarufu zaidi ikiwa Ollantay, ambayo wataalamu walibishania umri wake: ni ya enzi za Wainka au ni ya wakoloni? Kisha ukaja uasi wa Túpac Amaru wa Pili, 1780–1781. Hukumu ya Mei 1781 haikuishia kwenye kumuua yeye; ilipiga marufuku michezo ya kuigiza ya kuwakumbuka Wainka na kuagiza watu wake wafundishwe Kihispania. Jukwaa lilihukumiwa pamoja na mtu. Wacheki walipokuwa karibu kuanza kuifufua lugha yao, Wakechua walikuwa wakinyang'anywa yao.

Matokeo yake yanaonekana kwa José María Arguedas (1911–1969), aliyelelewa na watumishi wasemao Kikechua lakini akaandika riwaya zake kwa Kihispania, akikipinda Kihispania hicho mpaka kikaanza kutoa mlio wa Andes. Peru ilikifanya Kikechua lugha rasmi mwaka 1975. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu huko watu wapatao milioni 3.7 waliojifunza kuongea kwa lugha hiyo. Na mwaka 2019, katika Chuo Kikuu cha San Marcos, Lima, kilichoanzishwa mwaka 1551, Roxana Quispe Collantes aliandika na kuitetea tasnifu yake ya udaktari kwa Kikechua, ya kwanza ya namna hiyo chuoni hapo. Mada yake? Uhakiki wa mashairi ya Kikechua. Ningependa sana kujua istilahi zetu, kama "nafsineni" na "usimulizi", amezipatia maneno gani.