Kutembelea, Kujitolea na Kulea: Safari za Kidini za Kuwasaidia Watoto wa Embulbul

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Ngong, akishaipita Karen na majumba yake yenye nyua pana, hufika Embulbul kabla ya kuingia mjini Ngong. Wakazi wengi hupaita Bulbul tu. Mtaa huu umo katika Kaunti ya Kajiado, katika ardhi ya Wamaasai ambayo kwa miongo kadhaa, sawa na Kitengela na Ongata Rongai, imekatwa viwanja na kupokea watu wa makabila mengi waliofuata riziki ya jiji. Wengi wao huishi kwa kazi za kibarua. Mzazi anapougua au kufariki, jamaa wa kuwachukua watoto aghalabu yuko mbali, mashambani. Katika mitaa ya namna hii, kanisa na makao ya watoto huwa kimbilio la karibu. Huko ndiko pia wanakofikia waumini wa ng'ambo wanaokuja kujitolea.

Makala haya yanafafanua jinsi safari hizo zinavyoendeshwa, kasoro zake, na namna bora ya kuwasaidia watoto. Mjadala umejengwa juu ya vitenzi vitatu vya Kiswahili: kutembelea, kujitolea na kulea.

Msukumo wa kidini

Wito wa kumtunza yatima ni wa kale. Waraka wa Yakobo katika Biblia unalihesabu jambo hilo kuwa alama ya dini safi, na Sura ya 107 ya Kurani inamkemea amsukumaye yatima. Hivyo, nia ya mgeni anayechanga nauli kwa miezi kadhaa ili afike Embulbul si ya kudharauliwa.

Kwa kawaida kundi huja kwa wiki moja au mbili. Wageni hupaka kuta rangi, huimba na watoto, hugawa vitabu na nguo, kisha huagana nao kwa machozi. Baada yao huja kundi jingine.

Sarufi ya kujitolea

Kitenzi jitolea kimetokana na toa. Kinyambuliwapo katika kauli ya kutendea tunapata tolea, na kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mtendaji ndiye anayetolewa. Kauli ya kutendea nayo huibua swali: kwa ajili ya nani? Hapo ndipo pana mtihani. Iwapo mgeni hurudi kwao ameburudika moyo naye mtoto amebaki akiuliza rafiki yake atarudi lini, aliyefaidika ni nani?

Tembelea pia imo katika kauli hiyohiyo, lakini haidai mengi. Atembeleaye huondoka. Lea, kwa upande wake, ni neno fupi lenye mzigo mrefu. Wahenga waliposema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, walitambua kwamba malezi hupimwa kwa miaka. Mtoto mchanga hukua kwa kumzoea mtu yuleyule anayemlisha, anayemwogesha na kumbembeleza kila siku. Uchunguzi uliofanywa Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 ulibainisha kwamba watoto waliohamishwa kutoka katika taasisi na kupelekwa kwa familia za malezi walikua vyema zaidi kiakili kuliko wenzao waliobaki. Mtoto anayezoeshwa wageni wapya kila mwezi hufundishwa kupenda na kuachwa.

Yatima ni nani?

Yatima ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu, ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika Kiswahili cha kila siku, hutumika kwa aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Pia tuna mkiwa, yaani mtu asiye na jamaa, na mitaani Kenya huitwa chokoraa yule anayechokora jaa kutafuta chochote. Maneno haya hayalingani. Hata hivyo, masikioni mwa mgeni wa kundi la kanisa watoto wote wa makao huwa mayatima.

Kosa hilo si la msamiati pekee. Katika nchi nyingi, wengi wa watoto wanaoishi katika makao wana mzazi mmoja aliye hai, au nyanya, au shangazi. Wamepelekwa huko kwa sababu ya umaskini: karo, chakula, dawa. Msaada unapofuata jina la yatima badala ya kumfuata mtoto mwenyewe, mama anayefua nguo za watu huona kwamba njia ya kumsomesha mwanawe ni kumwachilia.

Mkondo mpya wa sheria na malezi

Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mnamo Novemba 2017. Desemba 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililogusia madhara ya kujitolea katika makao ya mayatima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2001, na inatambua malezi ya jamaa pamoja na kafala ya Kiislamu. Mwaka huohuo ulianza mkakati wa kitaifa wa miaka kumi wa kuhamisha malezi kutoka katika taasisi hadi katika familia na jamii.

Mfano mzuri uko karibu na Embulbul. Mwaka 1992 padri Mjesuti kutoka Marekani, Angelo D'Agostino, ambaye pia alikuwa daktari, alianzisha makao ya Nyumbani huko Karen kwa ajili ya watoto wenye virusi vya UKIMWI, pamoja na Sista Mary Owens. Mwaka 1998 wakaanzisha mpango wa kuwahudumia watoto hao wakiwa kwao, katika mitaa ya wenye kipato duni jijini Nairobi. Mpango huo uliitwa Lea Toto. Mwaka 2006 kikafuata kijiji cha Nyumbani huko Kitui, ambako bibi au babu hukaa na watoto katika nyumba moja. Mfadhili alitoka mbali, ila mlezi akawa mwenyeji.

Hitimisho

Mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa mgeni bado unahitajika. Unaweza kulipa mshahara wa mfanyakazi wa jamii, kumpa mama mtaji wa biashara ndogo, au kumfunza mwalimu ambaye atabaki wageni wakishaondoka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini ni mwenyeji anayejua palipo shamba.

Wanafunzi wa Kiswahili mara nyingi ndio hualikwa kuwa wakalimani wa makundi haya. Mtoto wa Embulbul anaposema kwamba mamake anafua nguo Karen na hurudi jioni, mkalimani hana budi kuyafikisha maneno hayo kama yalivyo, hata kama mgeni alitarajia kusikia habari za yatima. Kwa kauli hiyo moja, msaada unaweza kumfuata mtoto hadi kwao, badala ya kumtoa huko.